Siku Mama Mkwe Alipojaa Ukutani

Jamani, kuna aibu za kuanguka kwenye matope mbele ya watu, hizo unapanguza sketi na kuendelea na safari, lakini yangu haipanguziki. Mpaka leo nikiingia kanisani kwetu hapa juu Kipkelion kuna mama mmoja wa kwaya ambaye akiniona tu anaangalia ukuta wa mbele, pale projekta humulika, halafu anaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo (na anajua kabisa nimemwona). Sasa ketini niwaambie mwenyewe, mcheke mara moja yaishe.

Mimi naitwa Chelangat, mzaliwa wa Soin, kule chini kwenye joto, nikaolewa huku kwenye baridi na majani chai. Mume wangu Weldon anafanya kazi Bomet na huja wikendi, kwa hivyo siku nyingi nashinda nyumbani peke yangu nikitengeneza kompyuta za watu. Ng'ambo ya kijito anakaa mama yake. Mama Weldon ni mjane, na ni mama mzuri, mtu asinielewe vibaya, lakini alikuwa na tabia moja iliyonimaliza. Akishachuma chai yake na kuipeleka kituoni ikapimwe, anavuka kijito, anapiga hodi, anaketi kwenye kiti kilicho karibu na jiko, na huyo hatoki. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Saa kumi ako, saa kumi na moja bado ako, anafuma sweta yake na kuniangalia nikifanya kazi (wala haongei sana, afadhali angeongea!). Giza likianza kuingia ndipo anasimama na kusema, "Haya, wacha niende," nami moyoni nasema amina.

Sasa, kanisa letu lina kompyuta kuukuu ambayo Dada Joyce, karani wa kanisa, huitumia kuandika matangazo yaonekane ukutani, na programu zote za kuandikia zilikuwa zimeilemea, ukibonyeza herufi leo inatokea kesho. Nikajitolea. Nikachukua programu moja huria, zile ambazo wenyewe wanakupa msimbo wake bure, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, uyafungue, urekebishe unachotaka, kisha uyakompaili, ndiyo kusema uyapike mpaka yawe programu inayofunguka. Menyu zake nikazigeuza ziwe kwa Kipsigis, lugha yetu, na pale maneno yaliponishinda nilimuuliza Mama Weldon pale pale kwenye kiti chake. Ai, alifurahi! Akatangazia kituo kizima cha chai kwamba Jumapili waje waone kazi ya bibi ya Weldon, na kwamba maneno mengine ya mle ndani ni yake.

Lakini programu yangu ilikuwa na kasoro. Kila ukianza aya mpya inaazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na ukimaliza inafaa iirudishe, sasa yangu ilikuwa hairudishi, inaazima tu na kuazima mpaka kompyuta inajaa na kuganda. Kuitafuta kasoro ya namna hiyo tunaweka vijumbe ndani ya msimbo, vitokee chini ya skrini ujue programu imefika wapi. Mtu mwenye akili zake huandika "moja" na "mbili." Mimi siku hiyo Mama Weldon alikuwa ameketi tangu saa sita, kikombe mkononi, basi pale programu inapoazima nafasi nikaandika "Mama Weldon ameingia." Pale inapofaa kurudisha nikaandika "Mama Weldon ameenda." Na kule mwisho, nafasi inapokaribia kwisha, mikono yangu hii ikaandika, "Chai imeisha na Mama Weldon bado ako."

Nilicheka peke yangu mpaka akainua kichwa. "Kuna nini?"

"Ni kazi tu, Mama."

Niwaambie kitu, kama hamtoki huku. Kwetu mgeni unaweza kumwambia unga umeisha, unaweza hata kumwambia sukari imeisha, atakunywa hivyo hivyo na kushukuru. Lakini kumwambia mtu chai imeisha, huku ambako ukifungua mlango ni chai mpaka mlimani, hapo umemwambia atoke na asirudi tena. Nilijua hivyo vizuri, na ndicho kilichonichekesha.

Na vijumbe vilisaidia, niseme ukweli. Nikaona "ameingia" zinapangana bila hata "ameenda" moja, nikajua mahali pa kushika, nikatengeneza nakala nyingine safi isiyo na kasoro wala vijumbe. Zote mbili nikazitia kwenye flashi. Ile chafu ningeifuta, lakini mimi kufuta kitu huwa naona uchungu.

Jumapili nikafika mapema, kumbe ile kompyuta ya kanisa ni ya zamani sana hata programu niliyoipikia nyumbani imekataa kufunguka, lazima ipikwe upya humo humo. Nikajifungia chumba cha nyuma kwaya ikiimba. Nakala safi ikaanza kukompaili vizuri, halafu mistari myekundu tiririri, kuna faili moja ya nakala hiyo niliisahau nyumbani, na mtandao juu ya kile kilima ni wa kuomba Mungu. Nje nasikia Pasta anaanza salamu. Hapo ndipo ningetoka nimwambie Dada Joyce, "Tungoje Jumapili ijayo," na leo nisingekuwa na hadithi. Lakini Mama Weldon alikuwa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani, amekuja na marafiki zake wa kituoni, nikaona aibu kumwangusha. Nikafungua ile nakala chafu, nikafuta kijumbe cha "ameingia," nikafuta cha "ameenda," nikakompaili, ikakubali. Nikaandika sentensi mbili za kujaribu, chini kweupe. Nikasema asante Yesu. Kile kijumbe cha tatu sikukikumbuka, na kwamba ile nakala bado ilikuwa na kasoro yake, hilo pia sikulikumbuka.

Mwanzo ulikuwa mtamu jamani. Menyu za Kipsigis zikatokea ukutani, herufi kubwa kubwa (nilizikuza mwenyewe kwa ajili ya wazee), watu wakapiga makofi, Dada Joyce akaandika matangazo ya harusi, ya mazishi, ya mkutano wa akina mama, aya baada ya aya, na mimi nimekunja mikono pale kando najiona profesa. Pasta akasema, "Na maneno haya mengine tumeyapata kwa Mama Weldon. Mama, simama watu wakuone."

Akasimama. Akageuka, akapungia watu mkono, na nyuma yake ukutani, kwa herufi za kuonwa na kipofu, ikatokea: Chai imeisha na Mama Weldon bado ako.

Watu wakakaza macho, wakasoma mara ya pili. Yule mama wa kwaya akasoma kwa sauti, wuuui, hapo kicheko kikapasuka. Dada Joyce akababaika akabonyeza kitufe hiki na kile, na kila anapobonyeza mstari mwingine unatokea, ule ule, unapanda juu ya ule wa kwanza, mpaka mazishi na harusi vikafunikwa na ukuta mzima ukawa ni Mama Weldon bado ako. Nikarukia nyaya, nikang'oa mmoja kwa nguvu zote. Ulikuwa wa kipaza sauti. Pasta akabaki anachezesha mdomo bila sauti na maandishi yako pale pale.

"Ni virusi!" nikapiga kelele. "Ni virusi ya kompyuta!"

Mzee mmoja wa kanisa, arap Too, mtu mpole asiyependa mzaha, akauliza kwa kutaka kujua tu, "Sasa virusi inamjua Mama Weldon aje?"

Mama Weldon aligeuka, akasoma ukuta polepole, akarekebisha kitambaa chake, akaketi. Hakuniangalia. Marafiki zake wa kituoni walikuwa wanatazama viatu vyao, na hapo ndipo niliumia, kwa sababu ni yeye aliyewaita.

Wiki hiyo hakuja. Niliipata ile nyumba tulivu niliyokuwa nikiiombea, na sikuweza kufanya kazi hata ya kubadilisha betri. Weldon akapiga simu, "Umemfanyia nini mama?" nikakata nikilia. Mwishowe nikajikaza, nikavuka kijito. Nilimkuta kwenye benchi nje ya jiko lake, chini ya upenu, akanisalimia vizuri, "Chamgei," na hapo nikaona heri angenitukana.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Ulikuwa ujinga wangu."

"Nilikaa sana kwako," akasema.

"Hapana, Mama."

"Usiniambie hapana na uliandika ndiyo." Akaangalia mawingu upande wa juu. "Unakumbuka ulipoolewa? Mvua ya mawe ya kwanza ilipopiga mabati uliingia chini ya meza ukalia kama mtoto. Na Weldon ako Bomet. Mvua yetu huku inakuja jioni. Nilikuwa nangoja ipite, ndio niende."

Haki, nilitamani ardhi inimeze. Ile hofu iliniisha zamani, niliizoea mvua yao, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Jioni zote zile, sweta mkononi, alikuwa anasikiliza mabati.

"Si ungeniambia, Mama?"

"Mtu mzima haambiwi anaogopa. Unakaa naye tu."

Alinisamehe siku hiyo hiyo, lakini kusamehe ni kitu kimoja na kurudi ni kingine. Ile programu niliirekebisha, kanisa linaitumia mpaka leo na haijaganda tena. Mama Weldon naye anakuja, anakunywa kikombe kimoja, namwambia kaa kidogo, ananiambia kuna kuku za kufungia, na anaenda jua likiwa bado juu. Basi nimeapa, jina la mtu halitaingia tena kwenye msimbo wangu, hata la adui. Na mawingu yakianza kujikusanya jioni nafunga kompyuta, navuka kijito kabla tone la kwanza halijaanguka, namwambia, "Mama, naogopa," naye anasogea kwenye benchi, ananipa nafasi.