Mama Viambatisho na ukurasa uliojificha kwenye fremu

Saa tatu kasorobo asubuhi, meza ya kulia chakula katika karakana ya miguu bandia imefutwa na kukaushwa kwa taulo. Juu yake ipo kompyuta ndogo yenye ufa pembeni, mafaili matatu na chupa ya chai. Mpishi ameombwa azime jiko aje kukaa na wenzake. Hajazima. Amepunguza moto tu.

"Maharage hayajui habari za kodi, dada," anasema akifuta mikono kwenye aproni. "Nikiyaacha yatanigeuka."

"Basi yachemke taratibu, ila wewe kaa hapa," anajibu mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi kwenye mkono mmoja. "Bila mpishi sisomi."

Mwanamke huyo huandaa taarifa za kodi za mwaka, maarufu kama ritani, kwa ajili ya taasisi ndogo zisizo za faida: vituo vya wagonjwa, maktaba za mtaa, makazi ya wazee. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Wateja wake humwita Mama Viambatisho, kwa sababu salamu yake ya pili, baada ya kuuliza habari za nyumbani, huwa ni: "Na viambatisho viko wapi?"

Ana utaratibu mmoja asioulegeza. Kabla ritani haijatumwa, sharti isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya watu wanaofanya kazi pale. Si mbele ya mwenyekiti peke yake. Anataka awepo mlinzi, awepo fundi, awepo mpishi.

"Mwenyekiti anajua mipango," ananiambia kwa sauti ya chini wakati viti vikivutwa. "Mpishi anajua kilichotokea."

Leo zinasomwa ritani tatu kwa mpigo, za miaka mitatu ambayo karakana hii haikutuma chochote. Zimebaki siku tisa. Zikipita, msamaha wao wa kodi, ambao kwa sasa umesimamishwa, utafutwa moja kwa moja.

Na huko forodha kuna maboksi sita yenye magoti, nyayo na vifundo vya miguu bandia, msaada kutoka kwa wafadhili. Bila barua ya msamaha, hayatoki mpaka yalipiwe ushuru unaozidi gharama za kuendesha karakana kwa miezi saba. Ukutani, karibu na mlango, upo ubao wenye majina kumi na saba ya wanaosubiri miguu. Jina la kwanza ni la msusi mmoja ambaye amesubiri miezi kumi na minne, akisuka wateja akiwa amekaa kitandani.

Ilikuwaje watu waadilifu wakakaa miaka mitatu bila kujaza fomu? Jibu limetundikwa juu ya kabati.

Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya kusomea matokeo ya mtihani, ananionyesha fremu yenye kioo. Ndani yake mna barua yenye mhuri, na maneno makubwa: MMESAMEHEWA KODI. Pembeni yake yamechomekwa maua ya plastiki.

"Tulikuwa tunaipangusa kila Ijumaa," anasema huku akitabasamu kwa haya. "Tuliamini kwamba aliyesamehewa hana cha kujaza. Ningejaza nini, mwanangu? Sifuri?"

Siku ya kwanza Mama Viambatisho alipofika hapa, aliomba ngazi. Aliishusha fremu, akafungua vibanio vya nyuma kwa kisu cha mezani, na nyuma ya barua ile akakuta karatasi nyingine, nyeupe kana kwamba imechapwa jana. Ulikuwa ukurasa wa pili. Ulieleza kuwa msamaha unadumu kwa sharti kwamba taasisi itawasilisha taarifa yake kila mwaka, hata kama haidaiwi chochote.

"Fundi wa fremu alituuliza, 'Niweke na huu mwingine?'" mwenyekiti anakumbuka. "Nikamwambia auweke nyuma, usipotee."

Haukupotea. Ulikaa pale pale miaka mitatu, ukipanguswa vumbi kila Ijumaa.

Mama Viambatisho hakucheka siku ile. Anasema alikaa kwenye ngazi, karatasi mkononi, akamkumbuka mama yake mzazi.

Miaka kumi na sita iliyopita, alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha magunia. Mama yake alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni, na mguu ukakatwa chini ya goti. Mara mbili kwa wiki muuguzi wa shirika dogo la mtaani alikuja nyumbani kusafisha na kufunga jeraha, bila kudai hata nauli.

"Alikuwa akiingia anamwambia mama, 'Haya bibi harusi, tuoneshe mguu,'" anasimulia. "Mama alikuwa na miaka sabini na moja. Alicheka kila mara kama anasikia mara ya kwanza."

Kisha muuguzi akaacha kuja. Wiki ya kwanza walidhani anaumwa. Wiki ya tatu akapita kuwaaga. Shirika limefutwa, alisema, kwa sababu ya fomu za miaka minne ambazo kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayezijaza.

Mama yake aliishi miezi mitano baada ya hapo. Akifika hapa katika simulizi, Mama Viambatisho huvua miwani, huifuta, huivaa tena. Hasemi kwamba muuguzi angeweza kuzuia kifo. Anasema tu kwamba miezi ile ingekuwa na kicheko zaidi.

Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, alitumia kiinua mgongo chake kusomea kodi, masomo ya jioni, miaka miwili. Mtihani wa mwisho aliufeli mara moja. "Niliufeli vizuri," anasema. "Ndiyo maana naogopa kila fomu mpaka leo. Na fomu inataka mtu anayeiogopa kidogo."

Leo anahudumia taasisi ishirini na tatu kutoka chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya duka la fundi cherehani. Tisa hulipa ada kamili. Kumi hulipa nusu, wakikumbuka. Nne hazilipi kitu. Kinachomlisha ni maduka madogo ya mtaani, ambayo pia huyajazia fomu.

"Silalamiki," anasema. "Nakula, nalala, na nikipita barabarani nasalimiwa na watu wanaotembea. Wengine wanatembea kwa sababu karatasi ilifika siku yake. Mimi nimshukuru nani kama si Mungu na hao walioniamini wakanikabidhi mafaili yao?"

Tunarudi mezani. Mwenyekiti amevaa miwani yake na anasoma. Idadi ya wafanyakazi, wote wanaitikia. Misaada iliyopokelewa, wanaitikia. Vifaa vilivyotolewa bure, fundi mkuu anaongeza viti viwili vya magurudumu vilivyosahaulika.

"Mapato yatokanayo na biashara," anasoma mwenyekiti. "Hakuna."

"Na stuli?" anauliza mpishi.

Fundi mkuu anaangalia viatu vyake. Kutoka jikoni sufuria inasikika ikitokota.

"Stuli zipi?" anauliza mwenyekiti.

"Mwalimu naye! Zile anazouza getini," anasema mpishi. "Hizo za mabaki ya mbao za magongo. Mimi mwenyewe ninayo moja, na sikupewa bure, alinibana mpaka senti ya mwisho."

"Nilikupunguzia!" anaruka fundi.

"Ulinipunguzia mguu mmoja. Stuli yangu inayumba mpaka leo."

Mlinzi anacheka mpaka kofia inamdondoka. Mwenyekiti hacheki. Anahesabu siku kwa vidole chini ya meza, na mimi niliyekaa karibu naye naviona vidole hivyo vikisimama kwenye tisa.

"Lakini kweli jamani," anasema mlinzi akiokota kofia, "si ni stuli za getini tu? Nani atajua?"

"Mimi najua," anajibu Mama Viambatisho bila ukali. "Wewe unajua. Na huenda afisa wa kodi mwenyewe amekalia mojawapo sasa hivi. Tukiandika 'hakuna' na stuli zipo, basi hata miguu mliyotengeneza wataitilia shaka."

Anamgeukia fundi. "Kaka, uliandika popote?"

Fundi anainuka, anaingia chumba cha kazi, anarudi na daftari la shule lenye jalada lililochanika. Anamkabidhi kwa mikono miwili. Mama Viambatisho anafungua, anasoma, kisha anavua miwani na kuanza kucheka kicheko cha kimyakimya kinachotikisa mabega.

Daftari halina tarakimu za fedha. Kila kitu kimehesabiwa kwa stuli. *Mzee wa mguu wa kushoto, nauli ya kurudi kwao, stuli mbili. Mama na mtoto, nauli na dawa, stuli tatu. Msusi, kuja kupimwa, stuli moja.* Miaka mitatu, stuli mia moja na arobaini na moja, zote zimeishia kwenye nauli za wagonjwa.

"Bei ilikuwa ile ile siku zote," fundi anajitetea. "Nikaona niandike stuli, inatosha."

"Inatosha kabisa," anasema Mama Viambatisho. "Kaka yangu, mimi nimeona vitabu vilivyojaa tarakimu na havisemi ukweli kama hili daftari."

Hata hivyo ritani zote tatu zinarudi nyuma. Kila stuli inageuzwa kuwa kiasi, kila nauli inatafutiwa jina na tarehe, na fundi anawapigia simu wagonjwa thelathini na wawili ili wathibitishe. Kazi hiyo inakula siku sita.

Siku ya saba, saa nane mchana, wanakaa tena kwenye meza ile ile. Mwenyekiti anasoma upya tangu mwanzo. Anapofika kwenye mapato ya biashara anatua, anamtazama mpishi juu ya miwani yake.

"Stuli," anasema.

"Zimo," anajibu mpishi.

Mwenyekiti anathibitisha. Mama Viambatisho anaisogeza kompyuta, lakini haisogezi kwake. Anaisogeza kwa mpishi. Huo nao ni utaratibu wake: anayetuma ni yule aliyeona kosa. Mpishi anafuta kidole kwenye aproni mara mbili, anabonyeza, na namba ya kupokelewa inatokea kwenye kioo.

"Ndiyo imekwenda?" anauliza. "Mbona haijalia?"

Barua mpya ya msamaha ilifika wiki ya tatu baada ya hapo. Kwa kuwa walijieleza wenyewe kuhusu stuli, faini ya kuchelewa ilipunguzwa, na wanailipa kidogo kidogo. Maboksi matano yametoka forodha. La sita bado linatafutwa. Nilipopita karakana juzi, jina la kwanza ubaoni lilikuwa limefutwa, na msusi alikuwa anajifunza kutembea kati ya mabomba mawili, akimtania fundi kwamba mguu huu asije akautengeneza kama stuli ya mpishi.

Barua haijatiwa kwenye fremu. Imebandikwa ukutani kwa pini, kurasa mbili, ubavu kwa ubavu.

Kwenye rafu ya Mama Viambatisho, baada ya mafaili ishirini na matatu, lipo la ishirini na nne, la kijani, ambalo nilidhani ni tupu. Lina karatasi moja tu: fomu ya kusajili shirika la wauguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani. Amemtafuta muuguzi yule wa zamani kwa miaka minne na kumpata mwaka huu. Amestaafu, magoti yanamsumbua, lakini amesema atafundisha wengine. Fomu inataka waanzilishi watatu. Muuguzi ametia sahihi. Yeye mwenyewe ametia.

Alasiri ya siku aliyonionyesha fomu hiyo niliongozana naye kurudi karakana. Aliingia moja kwa moja jikoni na kuweka fomu juu ya meza, mbali na maji.

"Mimi?" alishangaa mpishi. "Huko nitakuwa natia sahihi au natia chumvi?"

"Utakuwa unauliza," alisema Mama Viambatisho. "Kama ulivyouliza siku ile. Laiti mama yangu angekuwa na mtu kama wewe kwenye lile shirika, dada."

Mpishi alizima jiko, safari hii kweli, akavuta ile stuli inayoyumba na kukaa. Aliichukua fomu kwa ncha za vidole, na kabla ya kusoma neno hata moja, akaigeuza kuangalia nyuma.