Kazi Yangu na Vijana Waliorudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ofisi haijafunguliwa, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa mahakama ya Garissa na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Mkuu wa Probesheni wa wilaya alikuwa mzee kutoka Meru aliyelizoea joto letu kuliko baadhi yetu tuliozaliwa hapa. Alinikaribisha chai kwanza, ndipo akaniuliza jina. Kisha akanieleza kazi kwa maneno ambayo wakati ule niliyaona machache mno.

“Sisi hatumsamehe mtu,” alisema. “Mwenye kusamehe ni aliyekosewa. Sisi tunamwambia hakimu mtu huyu ametoka wapi, na akirudi huko nani ataishi naye.”

Ninyi vijana ambao hamjawahi kufika mahakamani, probesheni ni adhabu inayotumikiwa nyumbani badala ya gerezani, chini ya uangalizi wa afisa. Kabla hakimu hajaamua, afisa huandika ripoti ya jamii. Huenda nyumbani kwa mshtakiwa, huongea na wazazi, majirani na chifu, na pia na yule aliyeumizwa. Hapo mwanzo kesi zetu zilikuwa za wizi wa mbuzi, sukari ya magendo, na vijana waliopigana kwenye foleni ya maji. Nilifanya kazi hiyo nikiwa mwanamke pekee ofisini, na wazee wengi walinizoea kwa kuniita binti yao.

Nilipohamishiwa Wajir, kesi zilianza kubadilika. Ng’ambo ya mpaka serikali ilikuwa imeanguka zamani. Wakimbizi walinisimulia jinsi masheikh walivyoanzisha mahakama zao mitaani, na jinsi watu walivyofurahi, kwa kuwa mwenye duka aliweza tena kufungua mlango bila kuwalipa wababe wa vita. Mahakama zile zilikuwa na vijana wenye bunduki waliopewa kazi ya kulinda na kukamata. Majeshi ya kigeni yalipoingia kuzivunja, masheikh wengi walikimbia, wengine wakapatana na serikali mpya. Vijana wale wakabaki na bunduki zao. Wakajiunga na mtandao mkubwa wa nje, wakaanza kuua hata watu waliowalea. Kundi lililotutesa sisi lilizaliwa hivyo, kwa jinsi nilivyoelewa mimi.

Dunia ilijibu kwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Yalikuja majeshi ya Afrika, zikaja ndege zisizo na rubani, na jeshi letu likavuka mpaka. Benki za ng’ambo zikaacha kushughulika na maduka ya hawala, na mama aliyezoea kutumiwa fedha na bintiye aliye ughaibuni akabaki akingoja. Huku kwetu wanaume walikusanywa viwanjani wakaketishwa juani ili wakaguliwe. Wafadhili nao wakaleta semina. Katika semina moja Nairobi, mtaalamu mgeni aliniuliza ni kitu gani hasa kinachowapeleka vijana wetu. Nilimwambia nilichosikia remandi, yaani mahabusu: mmoja aliahidiwa mshahara, mwingine babake alidhalilishwa kwenye msako, mwingine alimfuata rafiki, na mwingine aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamtumikia Mungu. Yule mgeni hakubishana nami. Alisema hata kwao walitafuta sababu moja kwa muda mrefu na hawakuipata.

Kutoka Wajir nilikwenda Mandera. Nilikuwa huko kundi lilipoanza kuwashusha abiria kwenye mabasi, kuwatenga wasio Waislamu na kuwaua. Miongoni mwa waliouawa alikuwa mwalimu mmoja Mkamba aliyekuwa akisafiri kwenda likizo nyumbani kwake Garissa. Walimu wengi kutoka bara waliomba uhamisho, na nilipita mbele ya shule ambazo madarasa yake yalikuwa wazi na hayana mtu wa kufundisha. Sikuwalaumu walioondoka.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa Garissa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kijana atakayeliacha kundi na kujisalimisha atasikilizwa. Asubuhi moja akaja ofisini Dahabo, mama wa mtaa wa Iftin anayeuza maziwa ya ngamia. Alifunga mlango mwenyewe kabla ya kuketi. Mwanawe Bishar alikuwa amerudi na amejificha kwa jamaa. Kundi likimpata litamuua kwa kutoroka. Maafisa wakimpata kabla hajajisalimisha, Dahabo hakujua atapelekwa wapi.

“Walaal, ndugu yangu,” aliniambia kwa lugha yetu, “nataka nijue tu alipo, hata kama ni jela.”

Nilimpelekea habari Mkurugenzi wa Probesheni wa kaunti, bwana mwangalifu aliyekuwa bosi wangu wa mwisho. Alisema kwamba tukikosea, mama huyu atamzika mwanawe. Alikwenda mwenyewe kwenye kamati ya usalama na hakutoka mpaka walipokubali kwamba Bishar ataletwa nasi, mchana, mbele ya mawakili. Aliletwa kwenye pikapu ya maziwa akiwa ameketi kati yangu na mamake. Alikuwa amekonda.

Nilimhoji mara nyingi. Alikuwa dereva wa kundi. Nilipomuuliza aliowabeba walikuwa wakienda kufanya nini, aliinamisha kichwa.

“Sikuuliza,” alisema. “Nilijua nikiuliza nitajibiwa.”

Maafisa wa usalama nao walimhoji kwa miezi, akapelekwa kituo cha kuwarekebisha waliorudi, na mwishowe mwendesha mashtaka akaamua asishtakiwe, bali awe chini ya uangalizi wa ofisi yetu. Kabla hajarudi Iftin ilinibidi niandike ripoti ya jamii. Nyumba ya tatu kutoka kwa Dahabo aliishi Mama Mutheu, fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa mjane wa yule mwalimu Mkamba aliyeuawa kwenye basi la Mandera. Jamaa zake walimsihi arudi Kitui, lakini alisema mumewe alimjengea maisha Garissa, na cherehani yake iko Garissa.

Nilikwenda kwake. Nilimweleza wazi kwamba Bishar alikuwa dereva, na kwamba hakuna aliyemhusisha na basi lile, lakini hakuna pia aliyeweza kuapa. Alisimamisha cherehani. Akalikunja na kulikunjua shati la mtoto lililokuwa mapajani mwake.

“Mama Hodan, usiniulize kama nimemsamehe,” alisema, akiniita kwa jina la mwanangu. “Niulize kama nitapiga kelele akipita. Sitapiga. Lakini mlangoni pangu asisimame.”

Nilimuuliza kama niandike hivyo. Akasema niandike hivyo hivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Ndivyo nilivyoandika, na Mkurugenzi akatia sahihi.

Bishar alirudi. Alifanya kazi kwenye gereji ya mjomba wake, na akaja kuripoti kila Jumatatu bila kukosa. Akienda dukani alizunguka mtaa mzima ili asipite mlangoni pa Mama Mutheu. Nilistaafu akiwa katika hali hiyo, nikaagwa kwa soda na hotuba, na faili yake akaichukua afisa kijana.

Miezi kadhaa baadaye Bishar hakufika kuripoti. Watu wa gereji walisema lilikuja gari lisilo na namba, wakashuka wanaume waliofunika nyuso, wakaondoka naye. Wengine walisema ni kundi. Wengine walisema si kundi. Dahabo alikuja nyumbani kwangu, nami sikuwa tena na ofisi wala muhuri. Nilivaa buibui tukaondoka kwenda kituo cha polisi. Tulipopita kwa Mama Mutheu alikuwa mlangoni. Alimtazama Dahabo, akaingia ndani kuzima pasi yake ya umeme, akatufuata.

Kituoni Dahabo alitaka kuongea mwenyewe, kwa Kiswahili chake kidogo.

“Mtoto yangu amebotea,” alisema.

Afisa wa zamu, mgeni katika eneo letu, hakumwelewa, akamwambia arudie. Dahabo alirudia vilevile, na afisa akatikisa kichwa. Mama Mutheu akasogea mbele ya kaunta.

“Mtoto wake amepotea,” alisema. “Anaitwa Bishar. Ni fundi wa magari. Andika.”

Afisa alichukua kalamu, akamtazama, akamuuliza yeye ni nani wake.

“Ni jirani,” alisema Mama Mutheu.

Mpaka leo hatujui aliko Bishar. Maafisa vijana huja kuniuliza kama kazi yetu na waliorudi ilifaulu, nami huwaambia kwamba wapo niliowasimamia ambao leo wana watoto shuleni, na yupo huyu mmoja ambaye siwezi kumjibia. Wale mama wawili huenda kituoni kila baada ya muda kuuliza kama kuna habari. Magoti yakiniruhusu, huenda nao. Mama Mutheu ndiye huongea.