Siku Nilipopita Tu kwa Wakwe

Chekeni mapema mmalize, maana hata mimi sasa nacheka, ingawa siku ile nilitamani ardhi ya Mlingotini ipasuke inimeze mimi na soksi zangu ndefu.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Uganda na diploma ya ualimu (mimi, mtoto wa mkwezi, niliyejisomesha kwa kuuza kamba za makumbi), na Bagamoyo nzima ilijua, kwa sababu nilihakikisha inajua. Kule chuoni bibi mmoja wa Kiingereza alitufundisha kwamba kwao wana maneno tele ya kumtembelea mtu bila shughuli: "drop in", "pop in", "look in", "come round", na "call on" kama mwenyeji ni mtu wa heshima. Akatufundisha na adabu zake: unafika, unasimama mlangoni, unasema hukai, unauliza hali, unatazama saa, unaondoka, na hakuna kuku aliyechinjwa. Niliyapenda mno maneno hayo, nikaona huo ndio ustaarabu wenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Mwanaidi, binti wa Mzee Shomari wa Mlingotini. Posa ilikwisha pokewa, sanduku la nguo lilikwisha pelekwa na ami yangu Kibwana, ambaye ndiye mshenga, imebaki harusi baada ya Ramadhani. Basi asubuhi moja nikaenda kwa baiskeli kumwona mzazi wa mwanafunzi upande ule, na wakati wa kurudi nikaiona njia ya kwa Mzee Shomari, nikajiambia, kwani kuna nini, si ni "drop in" tu?

Nikapiga hodi peke yangu, kichwa wazi, kaptula na soksi, bila kanzu wala mshenga. Mwanaidi alikuwa uani anakuna nazi; aliponiona aliiacha nusu akakimbilia ndani. Mama yake akanijibu kutoka nyuma ya mlango, uso kaufunika.

"Mwalimu, nani kafariki?"

"Hajafariki mtu, mama. Shikamoo. Nimepita tu."

"Umepita tu?"

"Naam. Sikai."

Nikatolewa kiti, nikabaki nimeshika baiskeli. Yakaletwa maji, nikasema ahsante, siyahitaji. Nikatazama saa. (Ungekuwa mtihani ningepata alama zote.) Lakini ninyi mnajua kwetu: mchumba haji kwa wakwe bila kutuma mtu mbele, na akija hakai, hanywi maji, basi ana jambo moja tu, amekuja kuvunja uchumba.

Mzee Shomari akaitwa shambani, akaja mbio, panga bado liko mkononi, na majirani nyuma yake.

"Mwalimu, sema. Binti yangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, baba. Hakuna neno."

"Hakuna neno, na maji ya nyumba yangu umeyakataa?"

"Ndio wasomi hao!" akadakia mama mmoja jirani. "Kishapata mwingine huko Uganda."

Nikaona nieleze. "Baba, wenzetu Waingereza huenda kwa mtu bila sababu yoyote."

"Kwa mkwe! Bila sababu!"

Jirani mmoja hata hakuniomba. Aliichukua baiskeli yangu mikononi mwangu akaenda Bagamoyo kumleta mshenga. Kwa hiyo mimi niliyesema sikai nikasimama juani mpaka karibu na adhuhuri, maana kiti nilikwisha kikataa na haya zilinizuia kukiomba tena.

Ami akafika kwenye keria ya baiskeli yangu mwenyewe, jasho linamtiririka, na sanduku likatolewa nje turudi nalo: kanga nilizochagua moja moja, viatu, chupa ya marashi. Ndani nikamsikia Mwanaidi analia. Hapo diploma yote ikanitoka. Nilikuwa nampoteza, jamani, kwa sababu ya glasi ya maji.

Ndipo akatoka bibi yake Mwanaidi, Bi Mwanakombo, na mkongojo wake.

"Nyie hamna macho?" akasema, kisha akanigeukia mimi kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mume wangu, nitazame. Ulipopiga hodi, macho yako yalikuwa wapi?"

"Uani, bibi."

"Ukitafuta nini?"

Mbele ya baba mkwe, mbele ya ami, mbele ya nusu ya Mlingotini, nikasema, "Nilikuwa nimemkumbuka, bibi. Nilitaka nimwone tu."

Kilio ndani kikakatika. Kisha kikatoka kicheko, na cha kwanza kilikuwa cha Mwanaidi. Mzee Shomari akainama, akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe kilivyotaka.

"Rudisheni sanduku ndani," akasema. "Na wewe, kaa!"

Nikakaa. Nikala wali na samaki wa nazi, nikanywa maji yote niliyoletewa, nikaondoka baada ya alasiri. Ami alituma halwa kuomba radhi, na mimi nikaitwa Bwana Napita mpaka siku ya harusi.

Maneno yale bado nayafundisha, na hakuna anayeyafundisha vizuri kama mimi. Lakini nyumba ya mtu sijaikatalia tena kiti wala maji, na sitaikatalia. Na kila nikirudi kutoka shuleni, Mwanaidi huniuliza kutoka jikoni, "Unakaa, au umepita tu?"

Mimi hukaa kwanza, ndipo nikamjibu.