Meza ya Jiwe Iliyoinama

Jiko letu la ndani halijawahi kuwaka moto. Tunapika uani, kwenye mbabura ya makaa, kama kila nyumba ya mtaa huu wa Rumonge iliyojaliwa jiko zuri ndani. La ndani ni la kuonyesha. Mgeni huingizwa, akalitazama, akasema "ee", kisha akatoka kwenda kula kilichopikwa nje.

Mdogo wangu wa kike, mfanyakazi wa ofisini huko Bujumbura, alipopata mchumba aliamua kwamba wakwe hawawezi kuja kusaba, yaani kumposa rasmi, katika nyumba ambayo jiko lake la kuonyesha lina meza ya saruji. Alitaka graniti nyeusi. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, wazazi wetu walipofariki, nikamlea yeye na kaka zake wawili kwa kuuza mawese. Safari hii niliambiwa nisimamie kazi tu.

Kusaba kulikuwa Jumamosi. Siku kama hiyo msemaji wa nyumba akiulizwa kama binti atatolewa, humgeukia aliyekaa kwenye kiti cha mzazi, naye huitikia. Kiti hicho kilikuwa changu. Nilikuwa nimekingoja tangu mdogo wangu akiwa bado mgongoni mwangu.

Rumonge fundi wa graniti anayesifiwa yupo mmoja, na sifa zake zote ziko makaburini. Jumatano nilirudi kutoka Minago nikakuta amemaliza. Jiwe lilikuwa vipande viwili vilivyokutana katikati kabisa, na mshono umejazwa saruji nyeupe, mstari mnene kama ule wa barabara ya lami. Nikapitisha mkono ukingoni, ukarudi mweusi. Palipomeguka palikuwa pamepakwa siraji, dawa ya viatu. Nikaweka nyanya karibu na ukuta. Ikaondoka yenyewe, ikaanguka sakafuni.

"Fundi, mbona jiwe limeinama?"

"Ni kwa ajili ya mvua, mama. Maji isisimame juu."

"Mvua gani? Tuko ndani."

Akaitazama dari kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. "Mimi ninafanyaka vile siku zote."

"Na mshono huu?"

"Jiwe nzima iko nzito sana. Vipande mbili ndiyo nomali. Miaka yote hii hakuna muteja amelalamika."

"Wateja wako wamelala chini ya jiwe. Wangelalamikaje?"

"Na familia zao?" Alikuwa amekasirika kweli. "Familia zinashukuru, mama. Zinalia!"

Nikamwambia aling'oe, alete jiwe moja lisilokatwa. Akakubali, lakini Jumanne. Alhamisi na Ijumaa alikuwa na watu, alisema, na watu wenyewe si wa kungojeshwa.

Nikawatumia wadogo zangu picha. Kaka yake mmoja, mwalimu, alijibu kwa ujumbe mrefu wa Kifaransa wenye utangulizi na hitimisho. Kaka wa pili alituma picha ya mikono inayoomba. Mdogo wangu alifika mwenyewe Ijumaa, na mfuko wa vitambaa vya kufuma, maua ya plastiki na chupa tatu za chai. Akafunika mshono, akafunika mapengo ya ukingoni, akafunika hadi nisijue kama chini kuna graniti au mbao. Tulikuwa tumehangaika ili jiwe lionekane, sasa tulilificha kwa bidii ileile. Maua yakaanza kuteleza. Akayabandika kwa gundi.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "kesho ukae hapa jikoni. Mama mkwe akitaka kuingia, umwambie kuna maji yamemwagika."

"Na kiti cha mzazi?"

Akanyoosha kitambaa kilichokwisha kunyooka. "Shangazi wa Gitaza atakaa. Anajua Kifaransa."

Shangazi huyo alikuwa ametutembelea mara mbili tangu msiba.

Jumamosi asubuhi nilibandua maua, nikakunja vitambaa vyote nikavirudisha mfukoni, nikafuta siraji hadi mapengo yakabaki meupe. Kisha nikavaa, nikaenda kukaa kwenye kiti kabla shangazi hajamaliza kujipaka poda.

Mdogo wangu akachungulia kutoka chumbani. "Yaya! Jikoni yuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Na jiwe?"

"Jiwe halisabwi leo. Unayesabwa ni wewe. Ingia ndani, wageni wako langoni."

Ilimbidi aingie, kwa kuwa binti hakai sebuleni kabla ya kuitwa. Sijawahi kuipenda desturi hiyo kama siku ile.

Hotuba hazijaanza, mama wa kijana akaomba pa kunawa mikono. Nikasimama, nikampeleka mwenyewe. Sikungoja aulize.

"Mama, jiwe hili lina mshono, limemeguka, na limeinama. Fundi atakuja kuling'oa Jumanne."

Alinawa taratibu. Akaweka kiganja juu ya mshono.

"Huyu fundi anajengeaka wafu?"

"Ndiyo, mama."

"Unisamehe. Nilikuwa karibu kufanya ishara ya msalaba."

Akacheka hadi akashika ukingo, nami nikacheka. Ukuta wa chumba alimokuwa mdogo wangu ulikuwa hapohapo, na nyuma yake nikasikia kitu kikianguka.

Tukarudi sebuleni. Msemaji wao akaomba kwa maneno marefu. Kaka mwalimu, aliyekuwa msemaji wetu, akageuka. Shangazi akakohoa, akaketi vizuri. Macho ya kaka yakampita, yakanifikia mimi.

"Tunamtoa," nikasema.

Mdogo wangu alipoitwa alitoka macho yamemwiva. Akawasalimu wageni mmoja mmoja, akafika kwangu, akainama.

"Alisema nini jikoni?" akanong'ona.

"Alinawa mikono."

Shangazi alikuwa amemwachia nafasi pembeni yake. Mdogo wangu akavuta kigoda, akaja kuketi miguuni pangu.