Mtamba wa Nashipae

Mpaka leo, simu ya video ikilia kwenye kompyuta ya ofisini, huiacha ilie kidogo kabla ya kuipokea. Mlio kama huo ndio uliotuita kila Alhamisi, darasa la saba, shuleni kwetu Kitengela, tukajazana chumba cha kompyuta kuongea na watoto wa shule moja ya Norwe.

Kila mmoja alikuwa na rafiki wake wa skrini. Wangu aliniuliza habari za simba tu, nami, mtoto wa karani, simba nilikuwa nimemwona kwenye kalenda. Nashipae, jirani yangu wa dawati, alibahatika. Ingrid wake alimpenda mtamba mwekundu, ng'ombe ambaye hajazaa bado, ambaye Nashipae alipewa na baba yake. Baada ya "Supa", salamu ya Kimaasai aliyofundishwa na Nashipae, swali lake la kwanza lilikuwa la mtamba.

Mwaka ule mvua ikakataa. Mtamba akafa, darasa zima tukajua, na baba yake Nashipae akahamia upande wa Oltepesi kutafuta malisho na ng'ombe waliobaki, pamoja na watoto wake.

Mwalimu hakutaka wageni waone kiti kitupu. "Nekesa, kaa hapo kwa Nashipae. Hiyo kamera haioni vizuri." Msinicheke. Mama alipenda kusema mficha uchi hazai, lakini Mama hakuwepo, na mwalimu ni mwalimu. Nikakaa.

"Supa, Nashipae!" Ingrid akanisalimu.

"Ipa," nikajibu. Mtamba? Yuko salama. Wiki ya tatu Ingrid akauliza kama amezaa. Nilimtazama mwalimu, akaitikia kwa kichwa. Nikasema amezaa, ndama jike, na Ingrid akapiga makofi, akawaita wenzake waje wasikie.

Nilipogeuka, Nashipae alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua vitabu vyake, amekonda, viatu vimejaa vumbi. Nilitaka kuinuka nimpe kiti chake, lakini nikaigeukia skrini tena.

Simu ilipokatika alinisogelea, akauliza polepole, "Huyo ndama mmemwita nani?"

Nililia tu. Akaondoka na vitabu vyake, na sikumwona tena.

Kwa miaka mingi niliamini alinikejeli, na niliona aibu. Kisha Mama akafariki, na siku moja mtu asiye na habari akanipigia simu, akauliza, "Mama yako ako aje?" Nikasema ako sawa, yuko jikoni. Nikafurahi, jamani, kwa dakika ile moja nikafurahi. Ndipo nilipoelewa kwamba Nashipae aliuliza kwa dhati, naye akitaka mtamba wake awe hai kwa dakika moja. Laiti ningalimtajia jina, lolote lile.