Viputo vya Rejeta ya Kinyinya

Harufu ya mafuta ya transfoma ilirudi nyumbani kila jioni kwenye sweta ya Diane, siyo kwenye sweta yangu. Ni harufu nyepesi, kama ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, imechanganyika na chuma kilichopigwa grenda, na asiyeizoea anaweza kusema ni mafuta ya taa. Siyo yenyewe. Baba alikuwa nayo mikononi na shingoni siku zote, kiasi kwamba nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani baba wote duniani wananukia hivyo. Kwa hiyo binamu yangu alipoanza kunukia vile, tena tukiwa tunalala kitanda kimoja, niliona amechukua kitu changu akakivaa. Najua sweta haina kosa. Nataka niandike haya kwa haki, maana mimi shule niliishia sekondari mwaka wa tatu, kuandika kwangu ni mazoea tu ya kila jioni, kidogo kidogo, na mara nyingi nikirudia kusoma naona nimejipendelea.

Tulikaa Kabuga, nje kidogo ya Kigali, nyumba ya nyuma ya barabara. Baba na Mama walikulia Tanzania, kwa hiyo ndani tuliongea Kiswahili na nje Kinyarwanda, na hasira zilikuja kwa lugha yoyote iliyokuwa karibu. Shangazi, dada yake Baba, mwaka ule alipata kazi za ndani Nyarutarama, kwenye nyumba ambayo mfanyakazi analala hukohuko na hatakiwi kuwa na mtoto. Ndipo Diane akaja kwetu likizo ndefu ilipoanza, na begi lake moja. Tulikuwa rika moja, mimi nimemzidi miezi michache, na nilitaka sana ionekane. Mama alikuwa anauza nyanya na vitunguu sokoni, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Diane, kwa kuwa alikuwa mgeni, Mama alisema si vizuri akashinde juani, basi Baba aende naye karakana, akae kivulini. Hakuna aliyepanga kunionea. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijampata mtu wa kumlaumu, na hilo nalo linaniudhi.

Karakana ile ilikuwa ya kutengeneza rejeta za transfoma. Si rejeta za magari. Hizi ni kubwa, nyingine zinampita mtu mzima urefu, mabati membamba yaliyosimamishwa kwa safu kama slesi za mkate, yameunganishwa juu kwa bomba na chini kwa bomba. Transfoma ina mafuta ndani, na ikifanya kazi inapata joto. Mafuta ya moto yanapanda juu yenyewe bila pampu, yanaingia kwenye bomba la juu, yanashuka polepole ndani ya yale mabati huku upepo ukiyapoza, kisha yanarudi ndani kwa bomba la chini, na safari inaanza upya. Baba alinieleza hivyo mezani kwa mikono miwili, mmoja unapanda, mwingine unashuka, chakula kinapoa. Rejeta ikitoboka, hata tundu la kupenya unywele, mafuta yanavuja, maji ya mvua yanaingia, na siku moja mtaa mzima uko gizani. Walikuwa wanazileta pale zikiwa na kutu, mafuta yameshakamuliwa, fundi Shabani anachomelea, na Baba anapima.

Kupima ndiko kulikompa Diane nafasi. Palikuwa na tanki la saruji limejaa maji. Walifunga matundu yote ya rejeta kwa vyuma na bolti, wakaijaza upepo kwa kompresa, kisha wakaiteremsha kwa mnyororo hadi izame. Palipotoboka, viputo vinapanda. Ni rahisi kusema. Lakini chuma kikiingia majini kinaingia na hewa iliyogandia nje, kwenye kona na kwenye rangi iliyobanduka, na hiyo nayo inatoa viputo, vingi, vya uongo. Ilibidi Baba apapase mabati kwa mkono chini ya maji kuviondoa, halafu watu wote wanyamaze mpaka maji yatulie. Kiputo cha uongo kinapanda mara moja basi. Cha kweli kinarudi palepale. Na palikuwa na sheria ya Baba ambayo hata mwenye karakana aliifuata: kwenye tanki hakuna kusema “nafikiri”. Unasema “naona” na kidole chako kinakwenda mahali penyewe, au unafunga mdomo. Diane alikuwa na macho, sitamnyima. Alikuwa anainama, nywele zinagusa maji, halafu, “Naona, Mjomba. Hapa.” Baba anachora kwa chaki. Rejeta ikitolewa, tundu lipo pale.

Nyumbani Baba alianza kuyasimulia. “Leo Diane ameona kitundu ambacho Shabani mwenyewe amekipita.” Mama anasema, “Kumbe!” Mimi nachambua mchele. Nilianza kulia sokoni bila sababu, nikasema nyanya zinaniwasha mikono, uongo mtupu, mpaka Mama akachoka akasema, “Nenda na wewe basi, nenda ukaangalie hayo maji.” Nilidhani nikifika tu Baba ataona tofauti. Nilikuwa binti yake. Nilikuwa nimejua habari za mafuta kupanda na kushuka kabla Diane hajajua transfoma ni nini.

Ikawa vibaya. Siyo kwamba sikuona, niliona sana. Kila kiputo nilikiona, na kila kimoja nilikitilia shaka. “Baba, nafikiri pale...” Baba anauliza bila kugeuka, “Unafikiri au unaona?” Nami nanyamaza, maana kwa kweli sikuwa na uhakika, na mpaka leo sijui watu wanaupata wapi. Shabani, fundi mmoja wa Bukoba mwenye maneno, alikuwa anainua kioo chake cha kuchomelea anicheke. “Vesti, wewe macho yako ni ya sufuria! Angalia ubwabwa usiungue, haya mambo mwachie Diane!” Alikuwa ananitania kama shemeji, hakuwa mtu mbaya, alikuwa ananipa nusu ya chapati yake kila siku. Lakini Diane alicheka. Alicheka kidogo tu, mdomo umefungwa. Nusu ya chapati nimeisahau ladha yake, kile kicheko nakikumbuka.

Kuelekea mwisho wa likizo ikaletwa rejeta ya transfoma moja ya Kinyinya, kule walikokuwa wanajenga nyumba mpya kila upande. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na Baba mwenyewe ndiye angekwenda kusimamia inapofungwa na kujazwa mafuta. Akasema kwenye gari kuna nafasi ya mtoto mmoja, akibanana naye mbele. Hakusema nani. Alisema, “Tutaona.” Mimi nilitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka nisimame na Baba mbele ya transfoma inayowashwa, watu waulize, huyu ni nani, na yeye aseme, binti yangu. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa zaidi ya hiyo. Diane naye alitaka, nilimsikia akimuuliza Mama kama Kinyinya ni mbali.

Siku ya kuipima ilinyesha. Bati la karakana lilikuwa linavuja juu ya tanki, matone yanaanguka majini, pa, pa, yanachora duara, na kila mtu akawa amekunja uso. Baba alipapasa mabati, akatoa mkono, tukanyamaza. Diane alizunguka tanki taratibu, akainama kila upande. Halafu akasema, “Hakuna, Mjomba. Ni safi.” Shabani akapiga makofi mara moja, kazi imekwisha. Na mimi hapo nilikuwa nimeona kiputo. Kilitokea pembeni ya bomba la chini. Kikapanda. Kingine kikatokea, lakini siyo palepale, mbele kidogo, halafu kingine nyuma. Kwa sheria ya tanki hicho kilikuwa cha uongo, maana cha kweli kinarudi palepale. Diane alikiona pia, aliniambia baadaye, na kwa sheria hiyo hakukosea kukiacha.

Nikitaka kusema ukweli wote, niliona mambo mawili kwa wakati mmoja. Niliona kwamba nikinyamaza, na rejeta ikaja kuvuja kule Kinyinya, ni Diane aliyesema ni safi. Na niliona Baba akikausha mkono kwenye suruali yake, na rejeta ikivuja yeye ndiye angetakiwa kujibu. Sikukaa nachagua sana. Nilisema, “Baba, naona kiputo. Lakini sijui kinatoka wapi.”

Maneno hayo hayakuwa kwenye sheria. Hayakuwa “nafikiri” wala hayakuwa na kidole. Shabani akasema, “Haya, sufuria imeongea.” Baba hakucheka. Alinitazama, akatazama maji, akasema, “Nionyeshe ulikokiona, siyo kinakotoka.” Nikaonyesha mahali pote, mbele na nyuma. Akazamisha mkono hadi kwapani, akapitisha vidole chini ya bomba, upande ambao jicho haliwezi kufika, akasimama pale muda mrefu sana mvua ikimdondokea shingoni. Halafu akasema kwa Kinyarwanda, kama mtu anayeongea peke yake, “Karahari.” Lipo. Tundu lilikuwa tumboni mwa bomba, mbali kabisa. Upepo ukitoka ulikuwa unatambaa chini ya chuma kutafuta njia, na kwa kuwa mnyororo ulikuwa unayumba, kila mara ulitokea mahali pengine. Waliitoa, wakaikausha, Shabani akalala chini chali akachomelea bila utani. Wakaizamisha tena. Mara hii maji yalitulia kweli.

“Vesti ameona,” Baba alisema. Basi. Maneno mawili hayo, nilitembea nayo hadi nyumbani mdomo wazi kwa furaha. Nilikuwa nimeshachagua gauni la Kinyinya.

Jioni ileile, baada ya kula, Baba aliniita nje kwenye ngazi. Akasema, “Mama, kesho nakwenda na Diane.” Aliniita hivyo, mama, kama Watanzania wanavyowaita binti zao, na hapo nikajua si habari njema. Akaeleza: gari litapita Nyarutarama, Shangazi amepewa ruhusa ya kutoka getini dakika chache, na Diane hajamwona mama yake tangu aje. “Wewe mama yako yuko pale ndani anaosha vyombo. Unanielewa?” Nilisema naelewa. Nilielewa kweli, na ndiyo ubaya wake. Kama angenidhulumu ningekuwa na la kusema. Asubuhi rejeta ilifungwa kamba nyuma ya gari, Diane akabanwa katikati ya Baba na dereva, nami nikabaki barabarani na ndoo ya nyanya. Aliporudi hakujisifu. Alinieleza polepole kwamba transfoma ikiwashwa inanguruma kama paka, na kwamba Baba alimshikisha rejeta kwa kiganja. “Juu ni moto, Vesti, lakini chini ni vuguvugu tu.” Mambo yale mimi niliyajua kwa maneno, mezani. Yeye aliyajua kwa mkono wake.

Siku hizi karakana ile haipo. Naambiwa rejeta zinakuja mpya, zimepimwa hukohuko zilikotengenezwa, na mtoto hawezi kukubaliwa kusogelea mahali kama pale, na ni sawa, wangu nisingemruhusu. Kabuga imejaa taa. Mwanangu akikosa umeme kidogo tu anauliza nani amekosea, na mimi nawaza mabomba na tundu lisiloonekana, yeye anawaza chaji ya simu. Nina duka dogo la vyakula. Diane anafundisha shule ya watoto wadogo, na wanampenda, nimeona kwa macho yangu jinsi wanavyomning'inia. Wiki iliyopita alikuja kumwona Baba, tukakaa jikoni tunamenya ndizi, na mimi kwa utani, utani wenye miaka mingi ndani yake, nikamwambia, “Wewe ulininyang'anya Kinyinya yangu.”

Alicheka, halafu akaacha kisu. “Vesti, ndugu yangu, mimi ndiye nilikuwa nakuonea wivu. Wewe ulikuwa unasimama pale unasema nafikiri, nafikiri, mbele ya watu wazima, na jioni unakula, unalala kwenu. Mimi ningethubutu? Nilikuwa naona nikikosea mara moja tu mtanirudisha. Na kurudishwa wapi? Mama hakuwa na nyumba. Siku ulipopata lile tundu sikulala, nilijua nimekwisha.”

Baba akauliza kutoka sebuleni, “Mnagombana huko?”

“Hapana, Mjomba,” Diane akajibu, “tunashindana kuoneana wivu.”

“Nani anashinda?”

Diane akachukua tena kisu. Nimeyaandika maneno ya Diane kama alivyoyasema, sijapunguza, na naona haki iko upande wake yote. Mtoto asiye na kwao pa kujificha akikosea, lazima awe na uhakika. Lakini mimi wivu wangu nimeutunza tangu utotoni, nilikuwa nao huo tu, na sasa amekuja na wake, mkubwa zaidi na wenye sababu, akauweka mezani bila hata kupaza sauti. Jua lilipopungua alisema anawahi basi. Nikainuka nimsindikize, lakini Baba alikuwa ameshavaa viatu, amechukua fimbo yake, akasema, “Kaa, nitamfikisha mimi.” Nikabaki naosha sufuria, nikiwasikia wawili hao wakiteremka njia polepole, Diane anaeleza kitu, na Baba anacheka kile kicheko chake cha sauti ya juu.