Kitabu Nilichokisoma Kurasa Kumi na Mbili

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku pekee Tunduma ilipopata kunicheka mimi. Leo unaniona na maghala mawili na malori yanayovusha mahindi mpakani. Usidhani nilizaliwa nayo. Niliishia darasa la nne, nikaja hapa na gunia moja begani. Sikubebwa na mtu. Hilo nalisema na sitaomba radhi.

Serikali ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mtu anahangaika na lake. Soko letu la mahindi likawa linapangwa upya, na nafasi za mbele, zinazotazama barabara, hazikututosha. Sisi wenye magunia tulizitaka. Kina mama waliouza kwa debe walizitaka pia, maana kule nyuma kwenye matope hakuna mnunuzi aliyefika, na watoto wao walikula kwa debe hilo hilo. Mkutano ukaitishwa.

Mimi nilikuwa na kitabu. Kilikuwa cha zamani, kinaeleza kwa nini watu hutii serikali, na nani ana haki ya ardhi. Nilikuwa nimekisoma kurasa kumi na mbili, kwa jasho, kidole kikifuata mstari. Humo nikakuta maneno matamu: kwamba mwenye nguvu ndiye wa kuchagua kwanza, mnyonge ashukuru kwa kitakachobaki. Nikasema, hapa nimepata!

Nikasimama mkutanoni, nikasoma kama mchungaji siku ya Pasaka. Wenye magunia wakapiga makofi. Kina mama wakainamisha vichwa. Nani atabishana na kitabu?

Alibisha Mzee Nzowa, mwalimu mstaafu, ambaye mkewe alikuwa mmoja wa wauza debe.

"Kijana, umeishia ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili, Mwalimu."

"Haya, fungua unaofuata. Sauti iwe ile ile."

Nikafungua. Nikasoma, mwanangu. Mwandishi anasema hayo aliyoyaeleza ni madai ya wababe, na kuanzia hapo ataonyesha yalivyooza.

Mama Atu, muuza debe mwenye ulimi, akadakia: "Jamani, wakili wao kaishia mlangoni, nyumba hajaiona!"

Walicheka hadi wapita njia wakasimama. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo debe lilikuwa mimi. Nafasi zikagawiwa kwa kura ya vikaratasi, wakubwa kwa wadogo, na mimi nikaokota cha nyuma, matopeni.

Ningeweza kukichoma kile kitabu. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na karatasi. Jumapili iliyofuata nikabisha hodi kwa Mzee Nzowa. Akanitazama, akasema, "Wewe hukwenda kitabuni kusikiliza. Ulikwenda kutafuta shahidi." Kisha akanivutia kigoda.

Masika yote tulisoma. Kurasa nyingine zilinigaragaza, nikapumzika, nikazirudia. Tulipomaliza, nikaanza upya peke yangu. Vitabu vya namna hiyo nimemaliza tisa sasa, na wenye digrii zao wakija kubishana nami huondoka wamekubali. Muulize yeyote hapa mjini.

Basi nisikilize. Vitabu vizito vya siasa na jamii usiviogope. Vimeandikwa na watu, navyo husomwa na watu. Ila usisimame na nusu yake mbele za watu, maana ukikosea wewe, anayelala njaa ni mwingine. Soma ukiuliza: haya ni mawazo yake, au anaeleza ya mpinzani wake? Na kitabu kikikusifu mstari kwa mstari, kishuku, kisha kisome tena. Tafuta mtu wa kusoma naye, aliyekuzidi, asiyekuonea haya. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupigiwa makofi ukaridhika.

Mungu akupe macho yasiyochoka na shingo isiyo ngumu. Akujalie wa kukukosoa ungali na nguvu za kujirekebisha, na ulichokielewa kiwafae hata wasiojua kusoma.